Mnada si Kipimo cha Moyo

Kuna ndugu mwandishi anayesema kadi za zamani za besiboli za Marekani ni urithi, ilhali matangazo yaliyofika mitaa kama Mashimoni, Kibera, yaliishia mitaroni kwa kuwa hatuna moyo wa kukusanya. Amesahau kadi hizo zilieneaje.

Miaka ya 1880 kampuni za tumbaku, Allen & Ginter mojawapo, zilizitia kwenye pakiti ili sigara zisipondeke na mnunuzi arudi kutafuta picha nyingine. Hakuna aliyekuwa akitunza urithi. Kadi ya Honus Wagner, ya toleo la 1909 hadi 1911, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 7 mwaka 2022 kwa sababu zimebaki chache mno. Zingejaa kila nyumba, moja isingenunua hata chapati.

Sasa tuje Kibera. Kifuniko cha soda, kile chenye meno kilichosajiliwa na William Painter huko Baltimore mwaka 1892, ni tangazo la bati. Sogea kwenye ubao wa drafti, ambako vifuniko hivi ndivyo kete: huyu ana Coca-Cola, yule Fanta, au wote rangi moja, wa kwanza amevilaza chali, wa pili kifudifudi. Kilichopinda hutupwa. Seti ikipungua kimoja, kelele. Kuchagua, kulinganisha, kukataa kibovu: huko si kukusanya? Kinachokosekana ni dalali, si moyo.

Na mwandishi huyo akitaka kitu adimu kwelikweli, atafute kadi ya muda wa maongezi ya Bamba, ya Safaricom, ambayo haijakwanguliwa. Namtakia heri.