Kabla Hujampa Mwanao Neno la Siri la Ruta



Siku hizi si ajabu kijana kumjia babake akamwambia: "Baba, NAT yetu ni Strict, naomba neno la siri la ruta." Baba hajui NAT ni kitu gani. Anachojua ni kuwa mashine ya gemu imenunuliwa kwa pesa nyingi, na mtoto analalamika hapati wenzake wa kucheza nao, au akiwapata sauti zao hazisikiki. Basi anampa. Kijana anafuata video aliyoiona mtandaoni, anawasha kitu kiitwacho DMZ, na mambo yamekwisha. Kwa maoni yangu hapo kazi imeanzwa kutoka mwisho, na mzazi ameruhusu jambo asilolijua.

Tuielewe kwanza hiyo NAT. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, nazo hazitoshi. Kwa hiyo nyumba nzima hutumia anwani moja, na ruta ndiyo inayogawa ndani: hii ya simu ya mama, hii ya kompyuta ya dada. Kilichoombwa na mtu wa ndani huletwa. Kinachobisha hodi kutoka nje bila ya kuitwa hurudishwa. Kwa kusoma na kutuma barua hakuna tatizo. Lakini gemu nyingi huunganisha mashine ya mchezaji na ya mwenzake moja kwa moja, na hodi ya mwenzake ndiyo inayokataliwa. Xbox huiita hali hiyo Strict, PlayStation huiita Aina ya 3.

DMZ huiambia ruta: kila anayebisha, mpeleke kwenye namba fulani, tuseme 192.168.1.20. Leo namba hiyo ni ya mashine ya gemu. Ikiwa haikuwekewa mwenyewe, kesho ruta yaweza kuipa kompyuta ya baba, ile yenye hesabu za duka, na hodi zote za dunia zikaelekea huko. Video nyingi hazilisemi hili.

Njia ya wastani ipo. Iwekee mashine namba yake maalumu ndani ya ruta, kisha ufungue poti zinazohitajika tu: kwa Xbox ni UDP 3074, kwa PlayStation ni TCP 3478 hadi 3480 na UDP 3478 na 3479. Baadhi ya gemu huongeza za kwao. Asiyeweza kufanya hivyo kwa mkono, UPnP huzifungua na kuzifunga yenyewe. Mimi naiona ni afadhali kuliko DMZ, ingawa ina ila yake: hata kamera ya bei rahisi au kompyuta yenye virusi yaweza kuomba mlango, na ruta haitakuuliza.

Na kabla ya yote hayo, badilisheni neno la siri la kiwandani. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta kwa mamia ya maelfu, kwa kujaribu tu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani yapata 60. Waliokiri kuitengeneza, mwaka 2017, walikuwa vijana watatu wa Marekani, na chanzo kilikuwa ushindani wa biashara ya seva za gemu ya Minecraft.

Sasa kuna jambo linalowahusu zaidi wanaotumia ruta za laini ya simu, nao kwetu ni wengi. Kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fungua ukurasa wa hali ya ruta, utazame anwani ya upande wa nje (WAN). Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo, basi mlango uliofungwa uko kwa kampuni, si nyumbani kwako. Fungua poti zote utakazo, haitasaidia. Wala usikubali kuuziwa ruta mpya "ya gemu". Ulizia kampuni kama wanatoa anwani ya hadhara, na ni kwa bei gani. Ikianza na 192.168, huenda ruta ni mbili, ya kampuni na uliyoinunua dukani. Ya pili iwekwe isambaze Wi-Fi tu, na mara nyingi shida huisha hapo.

Kama gemu yenyewe inafaa, hilo ni la kila nyumba kuamua. Neno la siri libaki kwa mzazi, na mabadiliko yafanywe mkiwa mmekaa pamoja. Wewe kijana, andika kwenye daftari kila ulichobadilisha, na gemu usiyoicheza tena, poti zake zifutwe.