Vitabu ambavyo baba havifungui

Katika nyumba nyingi za watu waliosoma, vitabu ni vya namna mbili. Vya kwanza husimama sebuleni, mahali ambapo mgeni ataviona: kamusi ya Kifaransa, kitabu cha sheria, vitabu vya ualimu. Vya pili hulala chumbani, chini ya mto au ndani ya kikapu cha kushonea. Vina majalada yenye rangi nyingi, na juu yake bwana mmoja amemshika bibi mmoja kiunoni. Hivyo ni vitabu vya mapendo, navyo ni mali ya mama. Baba hajavifungua. Akivikuta kitandani huviweka kando kwa vidole viwili, husema, "Mambo ya wanawake," kisha huenda zake kusikiliza mpira katika redio.

Nami nimesimama upande wa akina baba hao, na kwa sehemu ningali huko. Lakini jirani yetu mmoja, mama mwalimu, aliniuliza mbele ya wageni: "Baba Yosefu, katika hivyo unavyovicheka umekwisha soma vingapi?" Kesho yake alinitumia vinne kwa mkono wa mtoto wake, vimefungwa katika kitambaa kama mihogo. Nimevisoma vyote, tena mpaka ukurasa wa mwisho.

Nilianza na kile cha zamani kupita vingine, Esclave... ou reine?, yaani "Mtumwa ama malkia?", kilichotungwa na Delly kabla ya vita ya 1914. Kwa miaka mingi watu wa Ufaransa walimsoma Delly pasipo kujua ni nani. Ilijulikana tu mwaka 1947, alipofariki bibi Jeanne-Marie Petitjean de La Rosière: jina lile moja lilificha watu wawili, yeye na ndugu yake Frédéric, ambaye naye alifariki mwaka 1949. Hadithi walizotunga pamoja zapata mia.

Katika hadithi hii msichana mpole, Lise, mkatoliki, anaozwa kwa mwana wa kifalme wa Urusi, Serge Ormanoff. Bwana huyu ana mali, ana sura nzuri, na ana moyo mgumu. Hataki mke mwenye nia yake mwenyewe. Ataka kivuli kitakachomfuata. Lise anatii katika mambo mengi. Lakini mume anapomwamuru kuiacha dini yake, msichana yule ambaye hakupata kuinua sauti anasema hapana, naye anakubali kuadhibiwa kuliko kulibatilisha neno hilo.

Nitasema kwanza yaliyonichosha. Watu wote wema ni wazuri wa sura. Macho ya Lise yanasifiwa mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Fedha hazipungui, tena hakuna ajuaye zatoka wapi. Hakuna mtu anayeosha sufuria. Mtu aliyezoea kuuliza bei ya unga husoma kitabu kama hiki kwa mshangao.

Walakini "hapana" ile ya Lise si kitu kidogo. Wasichana wangapi wamefundishwa na mtu yeyote, nyumbani au masomoni, kwamba utii wa mke una mpaka, na kwamba mume mwenyewe hawezi kuuvuka? Delly amelifundisha jambo hilo kwa njia ya hadithi, na wasichana waliomsoma walilisikia.

Ubaya wa kitabu uko mahali pengine. Serge mkali analainika mwishoni, kwa sababu ya uvumilivu wa mke wake, na hapo twaambiwa kwamba chini ya ukali ule yalikuwamo mapendo. Jambo hilo silikubali, na hata sasa linanitia hofu. Msichana akiaminishwa kwamba ukali wa mume ni mapendo yaliyojificha, atangoja miaka mingi mapendo hayo yatokee. Pengine kinachotokea ni ngumi. Wazee wanaosuluhisha mambo ya ndoa wamewasikia wanawake wakisema, "Nilidhani atabadilika," na watoto wao wa tano au wa sita wamewakalia mapajani.

Kitabu cha pili kilikuwa cha Harlequin, kampuni iliyoanzishwa Winnipeg, nchi ya Kanada, mwaka 1949. Mwaka 1971 iliinunua Mills & Boon ya London, iliyokuwako tangu 1908, na tangu 1978 vitabu vyake hutoka kwa Kifaransa pia. Ndivyo vile vidogo ambavyo wachuuzi huvitandaza chini kando ya njia, vimepita mikononi mwa watu wengi. Changu kilikuwa na daktari mwenye majivuno na muuguzi mwenye haya. Kabla ya ukurasa wa ishirini nilijua kwamba wataoana. Nikaendelea kusoma kama mtu anayekula chakula kisicho na chumvi.

Nilimwambia mama mwalimu hivyo. Hakukasirika. Alinieleza habari za bibi Janice Radway, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, aliyetoa mwaka 1984 kitabu juu ya wanawake wa mji mmoja waliokuwa wakisoma hadithi za namna hii kila siku. Radway hakuwahukumu kutoka mbali, bali alikaa nao na kuwauliza. Baadhi yao, kabla ya kununua kitabu, hutazama kwanza mwisho wake. Hawatafuti la kuwashangaza. Wataka kuwa na hakika kwamba safari itafika salama. Tena wana ukali wao katika kuchagua: bwana asiyejua upole hawamtaki, na kitabu chake hawakisifu. Jibu ambalo limenikaa zaidi ni lile kuhusu kusoma kwenyewe. Walisema kwamba mama akiwa na kitabu mkononi, kwa saa ile hakuna wa kumwomba kitu. Mume na watoto huona kwamba ameondoka, ingawa ameketi palepale.

Tuache Marekani, tutazame kwetu. Mama huamka kabla ya jogoo. Ana maji, ana moto, ana soko, ana shamba au kazi ya mshahara, na jioni ana watoto wanaotaka kuogeshwa na kulishwa. Baba akirudi kazini ana kiti chake na rafiki zake chini ya mwembe. Hakuna anayemwuliza kwa nini ameketi. Mama hana baraza. Akipata kurasa kumi za daktari mwenye majivuno wakati mtoto amelala, hiyo ndiyo baraza yake. Sisi tunaocheka hadithi ile hatujamtafutia mahali pengine pa kupumzika.

Cha tatu kilitoka Abidjan, katika mfululizo wa Adoras ulioanzishwa na Nouvelles Éditions Ivoiriennes mwaka 1998. Hicho nilikisoma upesi, na kwa furaha zaidi. Majina ni ya Kiafrika, joto ni letu, na jamaa ya pande zote mbili wamo wakisema neno lao, kama inavyotokea kweli kila mtu anapotaka kuoa. Nalicheka pia kusikia kwamba miongoni mwa watungaji wa mfululizo huu wamo wanaume, wengine chini ya majina ya kubuni. Mambo ya wanawake, kumbe!

Lakini vitabu hivi vingi vina kilema kimoja: habari huishia pale wawili wanapopatana. Mwenye kuolewa anajua kwamba pale ndipo kazi inapoanza. Wako wanawake walioandika juu ya kazi hiyo, na hao hawachekwi tu, huogopwa. Katika Kano, kaskazini ya Nigeria, wanawake wa Kihausa wanatunga vijitabu vinavyoitwa vya soyayya, yaani mapendo, na kuviuza sokoni. Balaraba Ramat Yakubu, aliyeozwa akiwa bado mtoto, alitoa mwaka 1990 hadithi ya mfanyabiashara anayemfukuza mkewe pamoja na watoto tisa kwa ajili ya mwanamke mwingine. Mke yule anawalea kwa kupika na kuuza chakula. Mwaka 2007 gavana wa Kano, Ibrahim Shekarau, alichoma vitabu vya namna hii hadharani katika shule ya wasichana. Waliokuwa wakitazama moto ule walikuwa wasomaji wenyewe.

Cha nne ndicho Une si longue lettre cha Mariama Bâ, mwalimu wa Senegal, kilichotoka Dakar mwaka 1979 na kupata tuzo ya Noma mwaka 1980. Mtungaji alifariki mwaka uliofuata. Ni barua ya mjane, Ramatoulaye, kwa rafiki yake Aissatou. Mume wake Modou, mwanasheria, amemzalia watoto 12, kisha ameoa mke wa pili, Binetou, rafiki wa binti yao mkubwa. Aissatou alipotendwa hivyo na mumewe alimwachia barua, akaondoka na wana wake wanne. Ramatoulaye alibaki.

Siku ya arusi ile ya pili, wanaume watatu wanaingia kwa Ramatoulaye wakiwa wamevaa vizuri: imamu, ndugu wa Modou, na rafiki yake. Wanazungukazunguka katika maneno, wanataja mapenzi ya Mungu, na yeye anadhani wameleta habari ya msiba. Kumbe wameleta habari ya arusi. Anawashukuru, anatabasamu, anawasindikiza. Sijasoma katika vitabu vinavyosimama sebuleni kurasa zilizoniambia hivyo juu ya nyumba ya watu wawili.

Mama mwalimu ameniruhusu kukaa na vitabu vyake mwezi mmoja zaidi. Binti yetu mkubwa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na tayari wako vijana wanaopita mbele ya ua wetu wakisafisha koo. Nilifikiri sana nimpe kitabu kipi. Sikumnyima Delly, kwa ajili ya ile "hapana". Lakini nilimpa kwanza barua ya Ramatoulaye. Aliisoma kwa siku mbili. Jana jioni aliniuliza: "Baba, kwa nini Modou hakuja yeye mwenyewe kusema?" Mama yake alikuwapo, naye akangoja jibu langu.