Karatasi ya Maabara si Msahafu

Tangu maabara za Ulaya, hasa za Ujerumani, zianze kuwauzia wafugaji wa matumbawe kipimo kiitwacho ICP, vifaa vya kupimia maji nyumbani vimeshuka heshima. Mwenye tangi hujaza kichupa, hukituma, kisha hupokea karatasi yenye elementi thelathini na ushei, nyingine kwa kijani, nyingine kwa nyekundu. Karatasi hizo ninazo kadhaa kwenye droo na sijutii pesa yake. Ninachokataa ni madai yanayoandamana nazo.

Wanaoziamini karatasi hizo wanasema kwanza kwamba vifaa vya nyumbani ni vya kuchezea watoto. Lakini hicho kiboksi cha kalsiamu kinatumia kemia ile ile ambayo wakemia wameitegemea kwa miongo mingi: kitendanishi cha EDTA huikamata kalsiamu tone baada ya tone, mpaka rangi igeuke kutoka waridi kuwa buluu. Hapo kemia haina kosa. Kosa liko mkononi. Bomba la sindano lenye ncha ya plastiki hubakiza hewa kati ya pistoni na kimiminika. Ukianza kusoma kwenye ukingo wa kimiminika na ukamalizia kwenye pistoni, umejitungia namba. Mimi nimefanya hivyo kwa miezi nikipima magnesiamu, na ile niliyokuwa nikiongeza haikuwa na kazi yoyote.

Kifaa chenyewe nacho kina mipaka, tena mtengenezaji haifichi. Kipimo kidogo cha kielektroniki cha Hanna cha ualkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, kimeandikwa kwamba kinaweza kukosea digrii 0.3 pamoja na asilimia 5 ya namba iliyosomwa. Kikikuonyesha 8, ukweli unaweza kuwa 7.3 au 8.7. Pengo hilo ni kubwa kwa anayetaka kujua namba kamili. Ila mwenye tangi kwa kawaida hana swali hilo. Anataka kujua matumbawe yake yanakula kiasi gani. Ukiwa na kifaa kile kile na chupa ile ile ya kitendanishi, ukisoma 8.2 Jumatatu na 7.4 Jumatano saa ile ile, unajua kwamba ualkali unashuka kama 0.4 kwa siku. Mizani ya muuza nyanya ikizidisha gramu 50 kila siku, bado itakuonyesha leo umepewa nyingi kuliko jana. Majibu ya maabara yanayofika baada ya wiki moja au mbili hayawezi kukuambia hilo, hata yawe sahihi namna gani.

Dai la pili ndilo linalonikera zaidi: eti maabara inapima kila kitu. ICP hupuliza maji yako kama ukungu ndani ya plazima ya gesi ya arigoni, yenye joto linalopita nyuzi 6,000, zaidi ya uso wa jua. Ndani ya moto huo kila kiungo cha kikemia huvunjika kikabaki atomi, na kila elementi hutoa mwanga wake. Mashine husoma mwanga huo. Basi jiulize: ualkali ni elementi gani? Hauna elementi. Ni jumla ya ioni, hasa bikaboneti, zinazoweza kumeza asidi, na katika plazima bikaboneti haiponi. Naitreti nayo haisomeki kwa njia hiyo. Maabara zinazoandika ualkali na naitreti kwenye karatasi zimezipata kwa vyombo vingine, kutoka kwenye maji yaliyokwisha kukaa njiani. Kutoka Dar es Salaam hadi Ujerumani kichupa hupitia joto la ghala, uwanja wa ndege na forodha, huku bakteria waliomo wakiendelea kula na kuzaana.

Fosfeti inahitaji kituo kirefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayogombanisha watu. Mtu anapima nyumbani anapata 0.03, maabara inamwandikia 0.09, na mara hiyo hiyo kifaa cha nyumbani kinatupwa jalalani. Lakini kifaa hicho huona fosfeti iliyo huru tu, ile inayoungana na molibdeni na kuleta rangi ya buluu. ICP huona fosforasi yote: iliyo huru, iliyofungwa ndani ya vitu vya kikaboni, hata iliyomo katika chembe zinazoelea. Kisha huizidisha kwa 3.07 na kuiita fosfeti, kana kwamba yote ilikuwa fosfeti. Namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli. Anayemwaga dawa ya kuondoa fosfeti kwa sababu ya ile 0.09 anaweza kuyanyima matumbawe chakula chao.

Kuna pia wanaodhani kwamba namba yenye tarakimu tatu baada ya nukta ni sahihi kuliko yenye moja. Shaba katika bahari ya wazi haifiki hata mikrogramu 1 kwa lita, na kuitafuta ndani ya maji yaliyojaa sodiamu ni kusikiliza mnong'ono sokoni. Sifuri kwenye karatasi ina maana mashine haikuiona. Isisomwe kwamba haimo.

Niseme haki ya maabara. Sumaku ya pampu ikipasuka, au kibano cha chuma kikianza kuota kutu nyuma ya tangi, hakuna chupa ya matone itakayokuonyesha bati, zinki au alumini ikipanda. Hapo maabara haina mbadala, na hapo ndipo ninapotumia pesa yangu. Hata hivyo, ukijaza vichupa viwili kutoka ndoo moja na kuvipeleka maabara mbili, usishangae karatasi zikipishana.

Wapo wanaofika mwisho wa mabishano haya wakasema: basi tuache kupima, tutazame matumbawe. Tumbawe lililoanza kupauka tayari limechelewa kukuambia.

Kwetu pwani kuna kipimo ambacho wafugaji wa Berlin hawakipati kwa urahisi, nacho ni Bahari ya Hindi. Maji ya bahari ya wazi yenye chumvi ya 35 kwa elfu yana kalsiamu karibu miligramu 410 kwa lita, magnesiamu karibu 1,280, na ualkali wa karibu digrii 6.5. Chota nje ya mwamba, maji yakiwa yamejaa, wakati wa kiangazi. Usichote kwenye mlango wa mto, wala usichote baada ya mvua za masika. Pima chumvi yake kwanza, kisha yapime kwa kiboksi chako. Kikikupa kalsiamu 450, umejua kinazidisha kiasi gani, bila kuvuka forodha.

Nimesema chumvi kwanza kwa sababu ndiyo inayoharibu vipimo vyote, vya nyumbani na vya maabara. Tangi lenye 33 badala ya 35 litakuwa na kalsiamu pungufu kwa karibu asilimia 6, yaani kama 388 mahali pa 412, na karatasi ya Ujerumani itakuonyesha upungufu huo kwa rangi nyekundu. Utanunua kalsiamu, kumbe ulipungukiwa chumvi. Rifraktomita nyingi, yaani vipimo vya chumvi, husawazishwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwenye sifuri, kisha huaminiwa kwenye 35, mbali kabisa na pale zilipokaguliwa.

Kabla hujalipia kichupa kingine cha kwenda Ulaya, tafuta mmumunyo wa kulinganishia wa 35 na uisawazishe rifraktomita yako leo.