Lubumbashi: Mbwa wa mwenzako si mfanyakazi

Katika biro na depo za Lubumbashi wako wanaokuja kazini na mbwa wao. Mwenzao akiogopa, anaambiwa: «Huyu haumi.» Hilo si jibu. Kichaa cha mbwa kina chanjo, lakini dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mara anakufa. Shefu asiwaachie wafanyakazi wabishane wao kwa wao. Aombe karatasi ya chanjo. Isipokuwepo, mbwa abaki nyumbani. Ikiwepo, bado awaulize wanaokaa naye biro moja. Aliyeumwa na mbwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile. Na gharama alipe mwenye mbwa, si mwenye kidonda.