Chokoleti ya Kifahari Kutoka Kibwezi? Ndiyo, Lakini Tuache Kudanganya

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, halafu ndiyo nitoe maoni.

Mwaka jana niliposti video ya sekunde 40. Muziki mtamu, mwanga wa asubuhi, chokoleti inamiminika polepole kwenye moldi, na maandishi ya rangi ya dhahabu: "Chokoleti ya Kibelgiji. Imetengenezwa kwa mkono, Kibwezi." Watu wakapenda. Ndani ya siku mbili nilikuwa na oda 11. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na mama yangu bado huulizwa sokoni, "Huyo msichana wako alimaliza?" Kwa mtu kama mimi, oda 11 si mchezo. Nililia kidogo, si uongo.

Sasa ukweli wa hiyo chokoleti. Nilinunua Nairobi ile ya bei nafuu ya kupakia keki, wauzaji huiita kompaundi. Nikaiyeyusha juu ya sufuria ya maji moto, nikamwaga kwenye moldi, nikafunga utepe. Ubelgiji sijawahi kuiona hata kwa ndoto. Kakao yenyewe ilitoka wapi? Sikujua, na sikujali, mpaka dada mmoja mpishi wa hoteli upande wa Tsavo alipoonja kipande, akatulia, akaniambia bila hasira: "Mrembo, hii ni mafuta ya mawese na sukari. Wewe umeweka mikono tu." Hakununua.

Nilinuna wiki nzima. Lakini alikuwa sawa, na ndiyo maana naandika hii. Kuna vijana wengi sai wanaanza biashara ndogo za vitu "vya kifahari": chokoleti, mishumaa, sabuni, mafuta ya nywele. Na wengi tunaanza na video kabla ya bidhaa. Maoni yangu ni haya: kitu cha kifahari ni kile ambacho aliyekitengeneza anaweza kujibu kila swali lako kukihusu. Bei kubwa inakuja baadaye. Jina la Ulaya halihitajiki kabisa.

Sisi Wakamba hatukupaswa kufunzwa hii na mtu wa hoteli. Susu yangu husuka viondo. Muulize katani ilikatwa wapi, atakuambia. Muulize rangi ilipikwa na mizizi gani, atakuambia, na atakuongezea hadithi ya mume wa jirani. Kiondo chake kimoja humchukua wiki. Hiyo ndiyo "handmade" mnayoitafuta, ilikuwa kwetu nyumbani wakati wote. Na tunajua pia kilichotokea. Miaka ya 1980 viondo vilipendwa Ulaya na Marekani, viwanda vya Asia vikaanza kuviiga kwa mashine. Kitu ambacho mashine haingeweza kuiga ni jina la aliyesuka na mahali aliposukia, na hapo ndipo hatukujitetea. Hatukuandika lebo.

Rudi kwa chokoleti. Tunadhani ni kitu cha Wazungu, lakini mti wa kakao uko hapa jirani. Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, watu wanaishi kwa kakao. Kyela, kusini mwa Tanzania, vilevile. Kule Mbingu, bonde la Kilombero, Kokoa Kamili walianza 2013 kununua kakao mbichi kutoka kwa wakulima wadogo, wanaichachusha na kuikausha vizuri, na watengenezaji wa chokoleti wa Marekani wanaandika jina la Kokoa Kamili kwenye pakiti kwa fahari. Dar es Salaam kuna Chocolate Mamas wanaotengeneza kwa kakao ya Tanzania. Yaani Mmarekani anajivunia Kilombero, na mimi wa Kibwezi naandika "Ubelgiji". Ona hiyo aibu.

Mtu ataniambia mteja hajali, yeye anataka tamu tu. Labda. Lakini mwaka 2024 mavuno ya Ghana na Kodivaa yalikuwa mabaya na bei ya kakao duniani ikapita dola 10,000 kwa tani. Makampuni makubwa yakaanza kupunguza kakao kimyakimya. Uingereza, biskuti za Penguin na Club zilifika 2025 zikalazimika kuandikwa kwamba zina "ladha ya chokoleti", kwa sababu kakao iliyobaki haikutosha kuziita za chokoleti. Kama kampuni kubwa inalazimishwa kusema ukweli juu ya biskuti, mimi na moldi zangu sita ni nani?

Basi nikaanza upya, na chokoleti halisi. Hapo ndipo Kibwezi ilinifunza adabu. Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34. Ndiyo siri ya chokoleti nzuri: mdomo wako una joto kuliko hapo, kwa hivyo inayeyuka yenyewe ulimini. Lakini Februari saa nane mchana, jikoni kwetu chini ya mabati, joto ni hilohilo! Na ili chokoleti nyeusi ing'ae na ivunjike kwa mlio, lazima uiyeyushe hadi nyuzi 45 hivi, uishushe hadi 28, kisha uipandishe tena hadi 31 au 32. Ukikosea inatoka na madoa meupe kama mkono uliopauka. Sasa utaishushaje hadi 28 na chumba chenyewe kina 33? Hautaweza. Nilipoteza kilo mbili ndiyo nikaelewa. Siku hizi naamka saa kumi alfajiri, nafanya kazi mpaka saa moja, nafunga. Jua likitoka, mimi ni mtu wa kupiga picha tu.

Cha kuuma zaidi, soko kubwa la mwaka ni Valentine, na Valentine iko katikati ya joto letu kali. Oda yangu ya kwanza ya Athi River niliituma kwa basi la mchana. Mteja alinitumia picha ya uji. Nilirudisha pesa yote kwa M-Pesa, na salio nililobaki nalo sitalitaja hapa. Sai natuma usiku tu, kwenye boksi la barafu, na ninamwambia mteja mapema: kama huwezi kuipokea asubuhi, usinunue.

Halafu hesabu, mahali tunapojidanganya sana. Boksi langu la vipande sita: chokoleti gramu 80 ni shilingi 224, asali 20, boksi na utepe 70, barafu na usafiri 60, gesi 20. Jumla 394. Nilikuwa nikiuza 350! Video zinapendwa, mimi napoteza 44 kila boksi, na sijajilipa hata senti. Leo nauza 700. Nilipoteza wateja nusu. Wale waliobaki hawajawahi kuniuliza kwa nini ni ghali, kwa sababu jibu liko kwenye karatasi ndani ya boksi: kakao ni ya Bundibugyo. Asali ni ya Kibwezi, kutoka kwa mzee ambaye mizinga yake nimeiona. Embe kavu ni la Makueni. Ubuyu ni wa mibuyu ileile unayoiona ukiwa kwenye basi kuelekea Mtito Andei. Chokoleti yenyewe nainunua ikiwa imeshasagwa, sijui kusaga bado, na hilo pia nimeliandika. Kuyeyusha chokoleti ya mwingine si dhambi, wapishi wakubwa hufanya hivyo. Dhambi ni kunyamaza.

Soko liko wapi? Kibwezi mjini si wengi watalipa 700, tusidanganyane. Lakini sisi tuko kwenye Mombasa Road, treni ya SGR inasimama hapa, na kambi za Tsavo na Chyulu ziko karibu. Kuna harusi, kuna ruracio, kuna watoto wetu walioko Nairobi wanaotaka kumpelekea bosi zawadi ya nyumbani isiyo gunia la ndengu. Hao hawanunui sukari, wananunua kwao.

Na kwa wale wanaouliza: ndiyo, kuna karatasi. Leseni ya kaunti, cheti cha afya cha anayeshika chakula, na alama ya KEBS. Zinachosha. Zitafute mapema, usingoje mpaka duka likuulize kama nilivyongoja mimi.

Yule dada mpishi nilimtafuta mwezi wa nne nikampelekea boksi jipya. Alisoma karatasi kwanza, yote, kabla ya kufungua. Akaonja ile ya ubuyu. Akasema asali imezidi kwenye ile nyingine, nipunguze. Halafu akaitisha maboksi manne.

Asali nimepunguza. Mama naye sokoni amepata jibu jipya, anasema, "Bado anasoma." Sijamrekebisha, kwa sababu hapo hajadanganya.

Wewe unauza nini, na ukiulizwa kimetoka wapi, utajibu?