Siku Kama ya Leo: Tarehe 13 Desemba



Kila tarehe katika kalenda ni mfano wa nyumba waliyopita wageni wengi kwa nyakati mbalimbali, bila ya kuonana. Leo twabisha hodi katika nyumba ya tarehe 13 Desemba. Humo tutawakuta mabaharia wawili, ngome moja mnayoijua vyema, watoto wawili waliozaliwa, na watu waliotembea mwezini. Twawaomba jambo moja tangu mwanzo: kila mtakaposoma jina la mtu, jiulizeni ni nani aliyekuwa ubavuni mwake ambaye jina lake halikuandikwa.

Mwaka 1577. Francis Drake aling'oa nanga katika bandari ya Plymouth, Uingereza, akiwa na merikebu tano. Alirejea mwaka 1580 akiwa na moja tu, baada ya kuizunguka dunia. Akawa Mwingereza wa kwanza kuongoza safari ya namna hiyo, na jina lake likaingia vitabuni. Mabaharia waliovuta kamba, wakapanda milingoti usiku wa tufani na wakafia njiani, wengi wao hatuwajui.

Mwaka 1642. Mholanzi Abel Tasman, aliyesafiri kutoka Batavia, mji ambao leo waitwa Jakarta, aliona ardhi yenye milima mirefu mbele yake. Ilikuwa New Zealand. Vitabu vingi vya Ulaya vikaandika kwamba siku hiyo nchi hiyo "iligunduliwa". Lakini Wamaori walikuwa wakiishi huko kwa karne kadhaa, baada ya kuivuka bahari kubwa kwa mitumbwi yao. Je, mtu aweza kugundua nyumba yenye wenyewe ndani, na chungu kiko mekoni? Tasman alikuwa na daftari na wino. Kwa hiyo siku aliyofika yeye twaijua kwa tarehe yake, na siku waliyofika Wamaori hatuijui.

Mwaka 1698. Sasa turudi nyumbani, Mvita. Nani kati yenu hajapita mbele ya Ngome ya Yesu? Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kwa karne moja wakaitumia kuitawala pwani yetu. Dhuluma zilipozidi, baadhi ya watu wa pwani waliomba msaada wa Oman. Tarehe 13 Machi 1696 majeshi ya Oman, chini ya Imamu Saif bin Sultan, yakaizingira ngome. Kuzingirwa huko kulidumu miezi 33, hadi tarehe 13 Desemba 1698.

Hebu hesabuni: mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza ya mzingiro, siku ulipokwisha alikuwa akitembea na kusema. Ndani ya kuta zile adui mkubwa hakuwa mzinga bali maradhi. Katika mwaka 1697 maradhi yaliwaangamiza karibu Wareno wote waliokuwamo. Ulinzi ukabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, mji ulioko katika kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake 17, wanaume 8 Waafrika na wanawake 50 Waafrika.

Someni tena idadi hiyo. Wanawake 50! Hao ndio waliokuwa wengi kuliko wote. Ngome ambayo twaambiwa ilikuwa ya Wareno, kwa muda ililindwa na watu wa Afrika, na wengi wao walikuwa wanawake. Jina la Bwana Daud tunalo. Ya wale wanawake hatuna hata moja. Hatujui walitoka vijiji gani, walikuwa na watoto wangapi, wala kama waliingia ngomeni kwa hiari au kwa kulazimishwa. Aliyekuwa na kalamu aliwahesabu, lakini hakuwauliza majina.

Tena kuna funzo jingine. Watu wa pwani hawakuwa upande mmoja. Wapo waliowaita Waomani, na wapo waliosimama na Wareno, kila mji kwa urafiki na ugomvi wake. Kwa hiyo mkisikia mtu akiisimulia habari hii kana kwamba ni ya wema wote upande huu na waovu wote upande ule, msikilizeni kwa adabu, kisha mwulize maswali.

Baadaye Wareno walileta askari wengine, nao wakafa kwa maradhi. Mwishoni waliobaki ndani hawakutosha hata kujaza safu moja ya msikiti, na Waomani wakaingia. Sasa sikilizeni ajabu. Desemba ni mwezi wa kaskazi, upepo uletao vyombo kutoka Bara Hindi na Arabuni. Kwa upepo huo, merikebu za Wareno za kuja kuwaokoa wenzao zilitokea mbele ya Mombasa siku chache tu baada ya ngome kuanguka. Mabaharia waliiona bendera ya Oman ikipepea juu ya ukuta, wakageuza vyombo wakaenda zao. Katika siku zile hapakuwa na njia ya kupeleka habari baharini kwa haraka kuliko chombo chenyewe.

Mwaka 1816. Njia hiyo ilitafutwa na mtoto aliyezaliwa tarehe iyo hiyo, miaka 118 baadaye, huko Lenthe, Ujerumani. Jina lake Werner von Siemens. Mwaka 1847, pamoja na fundi Johann Georg Halske, alianzisha kampuni ya kutengeneza mitambo ya telegrafu, yaani kupeleka maneno kwa umeme kupitia waya. Mwaka 1870 waya waliojenga yeye na ndugu zake uliiunganisha London na Kolkata. Habari zilizokuwa zikisafiri kwa wiki nyingi zikaanza kufika siku ile ile. Lakini waya haujitandazi wenyewe: kila nguzo ilisimamishwa na mtu, katika jua au theluji.

Mwaka 1903. Huko Norfolk, Virginia, nchini Marekani, alizaliwa Ella Baker. Bibi yake alizaliwa utumwani, na alikuwa akimsimulia mjukuu wake jinsi alivyochapwa mijeledi kwa kukataa kuolewa na mume aliyechaguliwa na bwana wake. Ella hakuzisahau hadithi hizo. Alipokua alitumia maisha yake kupigania haki za Wamarekani weusi. Alifanya kazi pamoja na Martin Luther King, na mwezi wa Aprili 1960 aliwakusanya wanafunzi mjini Raleigh, wakaunda chama chao wenyewe. Hakupenda kusimama mbele ya kamera. Aliamini kwamba watu wa kawaida, wakijua nguvu zao, waweza kujiongoza. Ndiyo maana wengi walijua kazi yake bila ya kumjua yeye.

Mwaka 1972. Katika safari ya Apollo 17, Eugene Cernan na Harrison Schmitt walitoka kwa mara ya tatu na ya mwisho kutembea juu ya mwezi. Tangu waondoke, hakuna mwanadamu mwingine aliyeukanyaga. Majina yao yanajulikana. Lakini mavazi yaliyowahifadhi katika anga isiyo na hewa yalishonwa na mafundi cherehani, wengi wao wanawake, waliojua kwamba mshono mmoja ukiachia, mtu atapoteza maisha. Tena tazameni: huko Houston, walikokuwa waongozaji wa safari, ilikuwa jioni ya tarehe 13. Hapa Mombasa ilikwisha kuwa usiku wa manane kuamkia tarehe 14. Na kwa hesabu yetu ya mwezi mwandamo, siku mpya huanza jua linapotua. Basi hata tarehe yenyewe hutegemea umesimama wapi, na ni nani anayehesabu.

Tulipokuwa tukiandaa ukurasa huu, tulimwuliza bibi mmoja wa mtaani kwetu alizaliwa lini. Alicheka. Kitambulisho chake chasema tarehe 1 Januari, kwa kuwa karani alikosa cha kuandika. Yeye asema, "Mama aliniambia nilizaliwa mwaka wa mvua kubwa, kabla ya Uhuru, maji yalipoingia hadi ndani ya nyumba." Tulipotazama, tukaona mwaka 1961 Kenya ilikuwa na mafuriko makubwa. Mamake ameshafariki, na bibi mwenyewe hakuwahi kuulizwa na mjukuu yeyote. Angeondoka nayo habari hiyo, na hapana kitabu ambacho kingeihifadhi.

Kazi yenu ya wiki hii, basi, si ya kukariri miaka. Keti na bibi yako, au babu, au shangazi mkubwa. Mwulize alizaliwa mwaka wa jambo gani: njaa, mvua, harusi ya nani, kifo cha nani. Mwulize jina la mama wa mama yake. Kisha chukua daftari uandike jina hilo kwa herufi safi, na chini yake uandike tarehe ya siku uliyoambiwa. Wale wanawake 50 wa ngomeni hawakupata mjukuu mwenye kalamu. Bibi yako anaye.

Tuonane wiki ijayo, inshallah.