Shokapu ya mtumba: kuingia si kufaa

Swali la wiki hii limetoka Makambako, kwa mzee mmoja anayemiliki Nissan Leaf, gari linalokwenda kwa umeme mtupu. Fundi amemwambia shokapu za mbele zimekufa. Dukani amekuta za mtumba kutoka Japani, akaambiwa, "Hizi zinaingia, mzee wangu." Anauliza: zikiingia, ndiyo basi?

La, siyo basi. Shokapu haibebi gari. Mbebaji ni springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya gurudumu kupita shimoni. Ikichoka, tairi huachana na barabara kwa vipindi vifupi, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Anayepanda na kushuka kati ya Makambako na Njombe, kilomita kama 60 zenye ukungu na malori, huku wanawe wamekaa kiti cha nyuma, anaelewa uzito wa maneno hayo.

Sasa gari la umeme lina jambo lake. Betri ya Leaf za mwanzo ina uzito wa karibu kilo 300, nayo imelazwa chini ya sakafu, hata gari zima likakaribia tani moja na nusu. Shokapu ya gari dogo la petroli yaweza kuwa na urefu unaolingana na matundu ya bolti yanayokubali, ikafungwa bila taabu, lakini ndani yake vali zilipimwa kwa gari jepesi. Itaingia, na haitaweza kutuliza uzito ule. Ndiyo maana neno "inaingia" halinitoshi kabisa.

Linalotosha ni msimbo wa gari. Utazame kwenye kibati cha gari lenyewe: kizazi cha kwanza kilichotoka mwaka 2010 ni ZE0, kilichofanyiwa marekebisho mwishoni mwa 2012 ni AZE0, na cha pili cha mwaka 2017 ni ZE1. Muuzaji aulizwe shokapu ilitolewa katika gari gani, kisha namba iliyopigwa kwenye mwili wake ilinganishwe na ya ile kuukuu. Za mbele zina kulia na kushoto. Angalia vishikizo vya bomba la breki na waya wa ABS vimeelekea wapi. Muuzaji anayekuuzia mbili za upande mmoja akisema fundi atapinda kishikizo, mwache na mali yake.

Uzima nao una namna ya kupimwa. Shokapu iliyolazwa ghalani muda mrefu huweza kuingiza hewa katika mafuta yake, basi isimamishe wima, uisukume na kuivuta mara kadhaa kabla ya kuihukumu. Baada ya hapo ikaze kwa ulaini pande zote mbili, bila mahali inapolegea ghafla. Ile ya gesi ukiikandamiza hurudi juu yenyewe polepole. Fimbo yake ing'ae pasi na vidonda vya kutu, kwani kutu hukata sili, na sili ikikatika mafuta yametoka. Magari yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji hupita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi, kwa hiyo kikalio cha springi kikaguliwe kwa makini zaidi. Na rangi mpya nyeusi juu ya shokapu ya zamani inanitia shaka kuliko vumbi. Vumbi halina cha kuficha.

Hapo ndipo muamala unapoingia. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta ubichi chini yake, alimkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone. Kufuta mafuta yanayovuja kwa petroli asubuhi na kuuza mchana ni jambo lile lile. Bango la "mali ikiuzwa hairudishwi" halimwondolei muuzaji wajibu wa kubainisha aibu anayoijua. Hata Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya nchi yetu, Sura ya 214, inampa nguvu mnunuzi aliyemweleza muuzaji kusudi la kitu. Basi risiti iandikwe: shokapu za mbele, kulia na kushoto, za Nissan Leaf, pamoja na msimbo wake. Duka likikataa kuandika hivyo, limekwisha kujibu.

Wengi wetu huku huagiza Kariakoo kwa picha ya simu, mzigo ukaja na basi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kitu mahsusi ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Imamu Abu Hanifa amekijuzisha na kumpa mnunuzi khiyari ya kukirudisha akishakiona. Njia ya kutoka katika khitilafu hiyo ni nyepesi: mtume ndugu aliyeko Dar es Salaam awe wakala wako, aione, aivute, ndipo alipe.

Zikifika, zifungwe mbili kwa pamoja, kwani moja nzima na moja chovu hulivuta gari upande. Springi ifunguliwe kwa kikandamizi chake, si kwa nyundo na kamba, ikifyatuka huua. Mipira ya juu inunuliwe mipya, maana gari la umeme halina muungurumo wa injini wa kuficha kelele, na kila mgongo utausikia. Kisha magurudumu yapimwe mwelekeo. Zile kuukuu zisiachwe uani watoto wakazichezea, wala zisitupwe motoni: nyingi zina gesi iliyoshindiliwa ndani.